Uji wa Kusukuma Trekta

Juzi Mpanda mjini, kwenye kibanda cha vipuri vilivyotumika, nilinyanyua altaneta ya gari dogo nikaanza kupatana bei, na gari wala trekta sina. Ilinuka grisi na waya ulioungua, nikakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Magamba.

Trekta la baba lilikuwa la zamani, na dainamo yake ilikuwa haichaji betri tena. Kila jioni baba aliliegesha kwenye mteremko, na asubuhi majirani walikuja kulisukuma mpaka liwake, kisha wakanywa uji wa mama. Mimi nilidhani wote ni ndugu zetu. Niliwahesabu mara mbili, uji usije ukaniishia.

Mchana ule fundi Masanja alifungua ile dainamo nene kama kinu, akafunga badala yake altaneta ya gari dogo isiyozidi papai.

"Shemeji, hicho ndicho cha kuamsha dude hili?" mama aliuliza.

"Kidogo, lakini hakilali."

Majirani wakalisukuma mara ya mwisho, baba akalima mpaka jioni. Mvua zilikuwa zimeanza, na wateja aliowalimia mashamba walishaanza kuulizia majembe ya ng'ombe badala ya trekta lake. Akalizima kwenye tambarare, matopeni, mbele ya wateja na majirani wote.

"Ukikwama hapo, sisi hatumo," jirani mmoja alisema.

Baba alibonyeza stata. Likawaka.

Kesho yake mama alipika uji kwa sufuria lile lile. Baba aliwasha, akaondoka. Nilikaa mlangoni na kikombe changu nikiwasubiri ndugu zetu. Hakuja hata mmoja. Uji wote ulikuwa wangu, nikauacha ukapoa.