Waya Uliochomolewa Mapokezi

Kwenye kituo kile cha afya hapa Ifakara, mtu wa kompyuta nilikuwa mimi peke yangu. Jioni moja, wenzangu walipoondoka, nilichomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta ya mapokezi, nikauchomeka kwenye laptop yangu ili nipakue mechi niliyoikosa. Nilipomaliza nikaenda zangu nyumbani. Waya niliuacha sakafuni, nyuma ya meza.

Asubuhi mama wa mapokezi, mtu wa umri wa mama yangu mzazi, alinipigia simu: kadi za bima hazisomi. Nilipofika, foleni ilikuwa imetoka hadi nje. Mbele kabisa alikaa mzee wa Kisukuma kutoka Idete, mkewe amemlalia mapajani akitetemeka kwa homa.

Nilifungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Nililipenda dirisha lile kwa sababu watu walilitazama kwa heshima. Nikaandika ping, amri ya kuita kompyuta nyingine kwenye mtandao na kusubiri iitikie. Kimya. Nikaita nyingine, ya mbali zaidi. Kimya.

"Tatizo liko kwa kampuni ya mtandao," nikatangaza bila hata kugeuka. "Tusubiri."

Zilipita karibu saa mbili. Yule mzee akaniuliza, "Baba, kwani hao wa mtandao wanajua kuna wagonjwa huku?"

Nikamjibu kwamba nimeshawapigia. Sikuwa nimempigia mtu yeyote.

Mwishowe, ili tu nionekane nafanya kazi, niliandika amri ambayo ningepaswa kuanza nayo, ip link, inayoonyesha hali ya kompyuta ile ile uliyoikalia. Katikati ya maandishi likatokea neno NO-CARRIER. Maana yake waya haujashika kitu. Nikakumbuka mechi ya jana jioni. Nikainama nyuma ya meza, nikauchomeka, nikaandika ping tena, na majibu yakaanza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari.

Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja sana," akanishukuru kwa Kisukuma, kisha akaongeza, "Mungu akuzidishie akili."

Nikaitikia amina.

Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, akatoka ofisini kwake. "Ilikuwa nini?"

"Waya ulichomoka, daktari."

"Nani kauchomoa?"

Pale nilikuwa na nafasi ya kusema. "Labda wakati wa kufagia," nikajibu.

Aliyefagia nyuma ya ile meza kila asubuhi ni mama wa mapokezi. Alikaripiwa mbele ya foleni nzima. Akasema tu, "Samahani, daktari. Nitakuwa makini."

Zilipita siku tatu. Ya nne niliwahi kazini kabla wagonjwa hawajafika, nikamwambia yote. Aliacha kupanga mafaili.

"Mimi nilishaamini ni mimi," akasema. "Nyuma ya meza nimeacha kufagia. Naogopa."

Nikachungulia. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya nyaya. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Nilikaripiwa mbele za watu, mwanangu. Usiniombe msamaha tukiwa wawili."

Kwa hiyo nilisimama kwenye kikao cha asubuhi, wafanyakazi wote wakiwepo, nikaeleza. Niliposema habari ya mechi mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza alipoona mganga mfawidhi ananitazama. Nilipewa barua ya onyo, na mama akaombwa radhi na mkuu mwenyewe.

Lakini waliokuwa kwenye foleni siku ile hawakuwepo kikaoni. Yule mzee alirudi kwake akiniombea dua.

Mama alistaafu mwaka uliofuata. Siku ya kumuaga tulipanga mstari kumpa mkono. Zamu yangu ilipofika, alinipa mkono kama alivyowapa wengine, akamgeukia aliyenifuata.