Nilipoitika kwa Jina la Mama

Jirani akikaanga korosho, mimi hufunga dirisha. Watoto wangu hunicheka, maana wao harufu ile huwatia njaa. Mimi hunirudisha kwenye ghala moja la bati nyuma ya Mtopanga, nina miaka kumi na mmoja, vidole vinawasha na mlango umefungwa kwa nje.

Ghala lilikuwa la kampuni ya kubangua korosho. Mama yangu, Mwanasiti Bakari, alifanya kazi pale mpaka miguu yake ilipovimba asiweze kusimama. Kadi ya kazi ikikaa siku tatu bila mwenyewe kuonekana, nafasi alipewa mwengine. Basi nyapara, mtu wa sauti ya upole aliyenukia udi hata siku za kazi, akaja nyumbani. "Mlete mtoto ashike kadi yako mpaka upoe," alimwambia mama. "Vidole vya watoto vyepesi, havivunji korosho." Tulimshukuru, na mama akamwombea dua.

Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma. Tulijipaka majivu mikononi, lakini majivu hayakufua dafu. Baada ya mwezi ncha za vidole vyangu zilikuwa zimebambuka, hata kwenye chuo cha Kurani nikawa sishiki kalamu. Mwalimu aliniuliza kama nachezea moto, nikasema ndiyo, nikachapwa kwa hilo.

Tulikuwa watoto tisa, kila mmoja na kadi ya mtu mzima. Jambo la kwanza alilotufundisha nyapara halikuwa kubangua, bali kuitika majina yasiyo yetu. Kila asubuhi aliyaita yaliyo kwenye kadi. Wavulana waliitika "naam", sisi wasichana "abee", na aliyechelewa alipoteza siku yake. Kwangu hiyo haikuwa kazi. Kwetu mtoto hakuitwa mara mbili. Samaki mkunje angali mbichi, na bibi yangu alinikunja vilivyo. Kufika mwezi wa pili nilikuwa Mwanasiti kuliko mama mwenyewe.

Asubuhi moja nyapara alikuja mbio. Maafisa wa kazi walikuwa langoni. Alitusukuma sote tisa ndani ya stoo ya maganda, akafunga, akatuonya kupitia mbao za mlango kwamba atakayekohoa, mamake hana kazi. Humo mlikuwa na giza na joto, na vumbi la maganda lilitukereketa koo. Nilimuwaza mama, miguu yake juu ya mto, akiitegemea ile kadi. Nilitamani kutoka, na papo hapo nikiomba mlango usifunguliwe. Mpaka leo sijui lipi nililiomba zaidi.

Afisa mkuu alikuwa mwanamke. Tulimsikia akitaka orodha ya wafanyakazi, kisha akawaita mmoja mmoja kwa utulivu, na wanawake wakaitika kila mtu kwa jina lake. Halafu akaita, "Mwanasiti Bakari."

"Abee," nikaitika kutoka stoo.

Wallahi sikukusudia. Mwenzangu aliniziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tulifunguliwa, tukatoka tumejaa vumbi. Yule afisa alinishika mikono, akavitazama vidole, akaniuliza umri wangu. Nikamwambia kweli.

Nilidhani dhiki imekwisha. Wiki ile ile nyapara alikuja kwetu na karatasi iliyosema kuwa mama ndiye aliyenipa kadi kwa siri, kampuni haikujua lolote. Mama hakujua kusoma. Alisomewa, akainamisha kichwa, akatia kidole gumba. Kwa karatasi hiyo na nyengine za wazazi wenzake, kampuni ikatoka safi. Kazi mama aliikosa vilevile.

Kwa miaka mingi nilijilaumu kwa kuitika, na nilimwekea mama kinyongo kwa kuubeba uongo ule. Mwaka jana binti yangu alipotimiza miaka kumi na mmoja, nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mama kwa nini alikubali.

"Walinambia nisipotia kidole utafungwa wewe, kwa kutumia jina la mtu," alinijibu. "Ningejuaje mimi kwamba mtoto hafungwi kwa hilo?"

Muda wote huo nikimnunia, yeye alikuwa akinificha kwa ukimya wake, akihofu kwamba akitamka neno watakuja kunichukua. Nilimweleza taratibu kwamba aliyevunja sheria alikuwa mwenye kampuni, na kwamba walimtisha kwa kosa lao wenyewe.

"Basi sasa hawawezi tena kukuchukua?" akauliza.

"Hawawezi, mama."

Mama akaniambia nichukue kalamu nimwandikie karatasi nyengine, ya kweli, aitie kidole na hiyo.