Msafara Usio na Bibi Harusi

Pindo zile nilizishona kwa mabaki. Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale Gongoni, ambaye mimi hushonea barazani kwake, huniachia vipande asivyoweza kuuza. Nikavipanga kwa rangi za upinde wa mvua, alama ya watu kama sisi, nyekundu hadi zambarau, nikavishonea chini ya vitenge vyetu. Anayejua maana yake angejua. Asiyejua angeona sare nzuri tu.

Tulikuwa wanawake wachache tunaopenda wanawake wenzetu. Mkubwa wetu, tuliyemwita dada, alilelewa kama mtoto wa kiume, ila mwenyewe alijijua tangu mdogo kuwa ni mwanamke. Tulisikia kwamba kwingine watu kama sisi huandamana mchana na mabango. Hapa kwetu bango lingetufikisha polisi kabla hatujafika sokoni.

"Basi tutembee tu," dada akasema. "Nani kakataza wanawake kutembea?"

Hakuna aliyelipwa. Mmoja alikaanga maandazi, mwingine akaazima ngoma. Mimi nilishona, kwa sababu kuongea mbele za watu siwezi.

Njia aliichagua dada: kutoka Itetemia kuja mjini, kwa barabara ya zamani ya wapagazi. Inapita mbele ya nyumba ya mama yake, na hakuwa amekanyaga pale tangu aanze kuvaa gauni.

"Nataka anione mara moja, juani," alisema. "Akinifukuza, awe amenifukuza mimi, siyo yule mtoto wa kiume anayedhani ni mimi."

Tuliogopa. Mama akipiga kelele, barabara nzima itajua, na mawe hayako mbali.

Tulipoanza kuimba likatokea jambo ambalo hatukulifikiria. Kwetu wanawake wa sare wakipita na ngoma, hiyo ni harusi, na harusi haipiti mlangoni pako bila wewe kuisindikiza, angalau hadi njia panda. Wanawake wakatoka na vigelegele, mikono bado ina unga. Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo.

"Wakwe zangu, mnanipa yupi?"

"Wewe hata mafuta ya kurudi kijiweni huna!" dada akamjibu. Watu wakacheka.

Bibi mmoja akanishika mkono. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Bibi harusi yuko wapi?"

"Yuko mbele, bibi."

"Mbona simwoni?"

"Ana haya."

"Kama wewe," akasema, akapiga kigelegele karibu na sikio langu.

Mama yake dada alikuwa kibarazani, anapepeta karanga. Ungo ukasimama mikononi mwake. Wimbo wetu ukapungua, ikabaki ngoma peke yake.

"Jirani, njoo tusindikize!" mmoja wa wanawake akamwita. "Umeganda nini?"

Akaweka ungo chini, akafunga khanga vizuri, akaja moja kwa moja hadi mbele ya dada. Akamtazama kuanzia kilemba hadi pindo.

"Shikamoo, mama," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama yangu.

Mama akamtazama tena usoni.

"Marahaba. Umekonda."

"Kumbe mnafahamiana?" jirani akauliza.

"Huyu ni wangu."

"Wako? Mbona binti huyu hatujawahi kumwona?"

"Mmemwona," mama akasema, akaanza kutembea.

Jirani akamtazama dada upya usoni, akatufuata. Mama na dada walitembea sambamba bila kushikana mikono. Kila upepo ulipopeperusha kilemba cha dada, mama alikitupia jicho.

Njia panda wasindikizaji wakaanza kurudi, kama desturi. Mama naye akasimama.

"Mwisho wangu hapa."

"Nije siku moja, mama?"

Aligeuka kwanza kuwatazama majirani waliokuwa wakienda zao wawili wawili, vichwa vimekaribiana. Watasema. Alijua kuliko sisi.

"Uje asubuhi, jua halijawa kali," akasema. "Na ngoma hizo uziache huko huko. Zinaniumiza kichwa."