Nzi aliyetufungulia mlango wa mbele

Leo nimeinua ndala kuua nzi, nikaishusha kwa heshima zote.

Wiki nzima hapa kwetu Moshono tunapitia mlango wa jikoni, maana ule wa mbele kaushika nyigu mmoja. Kamdunga hadi baba mkwe, mzee asiyeogopa hata fisi!

Sasa leo katua nzi mkubwa, ana ndevu kabisa, kwenye vumbi pale mlangoni. Nikainua ndala.

Akaruka. Akamdaka yule nyigu hewani, jamani, HEWANI! Akatua naye karibu na mguu wangu, akaanza kumfyonza taratibu.

(Mnaojua wadudu, huyu anaitwaje?)

Baba mkwe, ambaye mtaa mzima tunampa shikamoo, akasogea kutoka nyuma yangu, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo," akamwambia nzi, akaingia ndani kwa mlango wa mbele.