Ukipokea, Unaacha Sauti

Nilifunga safari ya Kampala kwa sababu ya ujumbe mfupi ulioniudhi. "Mama mwalimu, chukua nakala yako mapema. Tutafunga ukurasa mbele ya mkutano wa kanuni." Aliyeuandika ni Bahati, kijana Mkongomani ambaye kwake "mbele ya" ni "kabla ya", na ambaye sikuwahi kumtia machoni, lakini nilikuwa nikimtegemea kuliko ninavyomtegemea mkuu wangu wa chuo.

Wasomaji wa Bukoba mnajua kwamba nafundisha kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, na kwamba hasira zangu ziko karibu. Labda hamjui kwamba darasani kwangu yupo Neema, binti asikiaye kwa shida sana. Nikizungumza, kompyuta iliyo mbele yake huandika maneno yangu, naye huyasoma. Programu hiyo ya akili unde ni huria, maana yake yeyote anaweza kuichukua bure, kuifungua ndani, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Imetengenezwa Kampala na kikundi cha watu wanaojifunza kazi hiyo wakiifanya. Kabla yake Neema alikuwa akiikodolea macho midomo yangu hadi kichwa kinamuuma. Nakala tuliyo nayo hukosea mno, na marekebisho yote hutoka kwa Bahati, mmoja wao, kupitia ukurasa wao wa mtandaoni. Ukurasa ukifungwa, basi tena. Nikaona ni heri niende nikawasihi ana kwa ana.

Mutukula, mpakani, askari aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kutembelea watu. "Ndugu zako?" Nikamjibu kwamba bado sijui. Alinitazama kidogo, akagonga muhuri.

Masaka basi lilisimama, wauza gonja, ndizi za kuchoma, wakayazunguka madirisha. Nilinunua moja la moto, nikafungua simu na kuisoma rasimu ya kanuni za kujadiliwa mkutanoni, ambayo Bahati alinitumia. Ilitaka kila anayetoa programu ya akili unde kwa umma awe amesajiliwa, awe na kampuni, na awe na mtu mwenye kitambulisho cha uraia atakayewajibika ikileta madhara. Sikuona ubaya wa kutaka mtu awajibike. Nilipitia kurasa zote nikimtafuta mwanafunzi, au mkimbizi anayejifunza jioni baada ya kazi, na sikumwona. Samaki mmoja akioza wote wameoza, wahenga walisema, na nadhani hakuna anayeupenda msemo huo kama mtunga kanuni.

Kampala ilinipokea kwa mvua, nami nikashuka kwenda kumtafuta Bahati.