Paja la Kuku

Juzi, kwenye arusi mtaani Shieywe, niliona msichana akila paja la kuku huku akipiga soga, kama mtu anayekula mkate tu. Nikakumbuka alasiri moja ya baridi utotoni mwangu, muda mfupi baada ya Uhuru, nyumbani kwa nyanya, Iguhu.

Mvua ya mawe ilikuwa imepita, na nyumba ilinukia moshi na mchuzi. Wanaume walikula mezani. Wanawake na sisi watoto tulikaa mkekani karibu na meko, tukila obusuma, ugali wetu, na mboga. Kuku alikuwa wa wanaume. Nyanya alikuwa ameniambia kwamba mwanamke akimla hupoteza sauti, nami niliamini.

Shangazi Rael, aliyekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, aliinuka akachukua paja katika bakuli la wanaume.

"Uhuru ni wa nchi, Rael, si wa kuku," babu alisema.

"Huyu alifugwa na nani, baba?"

"Mama yako."

"Basi nakula cha mama."

Alitafuna polepole. Nilishika sketi yake nikimtazama kooni kwa hofu, maana ndiye aliyekuwa akituimbia.

"Chumvi haitoshi, mama," alisema.

Sauti ilikuwa ile ile. Nilimwangalia kama ninayemwona mtu aliyevuka mto uliofurika.

"Ningejuaje?" nyanya alijibu. "Miaka yote napika kwa kunusa."

Shangazi alimnyofolea kipande. Nyanya alikishika mpaka kikapoa. Kisha aligeukia ukuta, akakitia mdomoni, na babu akainamisha macho kwenye sahani yake.