Kirikuu Juu ya Mistari ya Njano

Afisa aliyekuja kukagua maegesho ya watu wenye ulemavu kwenye ukumbi ninaousimamia alikaa ndani ya gari lake dakika arobaini, katikati ya nafasi ile ile tuliyoichora kwa ajili ya ukaguzi wake, kwa sababu mlango ulifunguka upana wa kiganja ukagonga Kirikuu, lile gari dogo la mizigo, lililobeba biriani. Kirikuu hilo nililielekeza pale mimi, kwa mkono wangu wa kulia, nikisema "njoo, njoo, hapo hapo." Naisimulia aibu hii mwenyewe kabla hamjaipata kwa wapishi, maana wao wanaongeza chumvi.

Ukumbi wetu uko Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo, na Ijumaa ile palikuwa na walima: nikaha ifungwe msikitini baada ya swala ya Ijumaa, kisha watu wote waje kwetu kula. Tatizo ni kwamba kibali chetu kilikuwa kimekwisha muda, na afisa alishasema kwa simu kuwa atafika siku hiyo hiyo kabla ya saa saba, na asiporidhika na nafasi ya wenye ulemavu, lango halifunguliwi, awe bwana harusi awe nani. Nafasi hiyo tulikuwa na miezi mizima ya kuichora. Tukaichora asubuhi ile (msicheke, na nyinyi mna yenu).

Fundi Kombo, ambaye kazi yake hasa ni kuandika mabango ya maduka, alikuja na uzi, chaki na karatasi ya maelekezo, akapima nafasi pana karibu kabisa na mlango, akachora alama ya kiti cha magurudumu, na ubavuni, mwisho kabisa, akaweka kipande kirefu cha mistari ya mshazari ya njano. Nikamuuliza hicho nacho ni cha nini, maana kilikula nafasi ya gari zima.

"Cha kufungulia mlango na kushushia kiti," akasema. "Hapo haegeshi mtu."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilichoelewa mimi ni kwamba tumepata uwanja mtupu hatua nne kutoka jikoni.

Mara Bi Tatu, mpishi mkuu, akaingia na Kirikuu kutoka Mapinga, nyuma kuna masufuria mawili ambayo kila moja linataka wanaume wanne. "Shomari mwanangu, kule nyuma mbali, rojo litamwagika. Nipe hapo karibu."

Kombo akasimama mbele ya mistari yake kama golikipa. "Kaka, rangi mbichi!"

"Dakika tano tu," nikasema.

Dereva wake, Jumbe, akaegesha, akazima injini, akatia gia, akafunga milango, na hapo hapo adhana ikalia. Akaondoka na ufunguo mfukoni. Wabebaji wa masufuria wakamfuata. Kombo naye akanawa mikono kwa mafuta ya taa akaenda. Nikabaki mimi na kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi, namsubiri afisa, pamoja na Bi Tatu na wapishi wake sita.

Afisa akaingia na kigari kidogo, akajipachika katikati ya nafasi kwa ustadi ambao sijapata kuuona, akasukuma mlango. Ko! Akautazama. Nami nikautazama.

"Shikamoo," nikasema. (Tuna umri mmoja. Ulikuwa woga.)

"Marahaba. Gari la nani hili?"

"Linaondoka sasa hivi."

"Dereva yuko wapi?"

"Anaswali."

"Basi haliondoki sasa hivi."

Hapo ndipo nilipokiona kiti cha magurudumu kimekunjwa nyuma yake, na breki na mafuta vyote viko mkononi, karibu na usukani. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba anaweza kurudi nyuma kidogo akaegeshe kule upande wa pili kwenye nafasi tele.

"Naweza," akasema. "Lakini kule sijaja kukagua." Akazima injini, akatoa fomu, akaanza kuandika. Anaandika nini, na mbele yake hakuna cha kuona isipokuwa mimi?

Nikampigia Jumbe: simu imezimwa, kama ipasavyo msikitini. Bi Tatu akamjia afisa na wazo lake. "Mwanangu, sisi tunabeba masufuria, tutashindwa wewe?"

"Ahsante mama," afisa akamjibu. "Kwenye fomu hamna kisanduku cha kubebwa."

Nikaamua tulisukume Kirikuu. Liko kwenye gia, limefungwa, lina mzigo, na bado nikaamua. Wapishi sita wakashika ubavuni, mimi nikaegemeza mgongo kwenye bampa, nikahesabu moja, mbili, na kwenye tatu miguu ikaniteleza nikakaa chini, kitako kizima, juu ya mistari mibichi. Nilipoinuka, Bi Tatu alijifunika mdomo kwa khanga. Nyuma ya kanzu nilikuwa na milia ya njano, mshazari, imepangika vizuri kuliko ile ya chini.

Ndivyo walivyonikuta watu wa harusi. Waliingia wote kwa pamoja kutoka msikitini, weupe kwa weupe, na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akanizunguka taratibu akauliza, "Na hii sare ya upande gani?" Jumbe akaja wa mwisho, anampa kila mtu mkono, anauliza habari za nyumbani, mpaka nikamnyang'anya ufunguo, nikaliondoa Kirikuu mwenyewe.

Afisa akafungua mlango wote, akashusha kiti, akahamia, akapita juu ya ile mistari hadi mlangoni bila kuguswa na mtu. Ilimchukua muda mfupi kuliko salamu za Jumbe. Bi Tatu akamletea sahani. "Nikimaliza kuandika," akasema, "isije ikasemwa nimeandika kwa shibe." Kisha akanigeukia. "Walima iendelee, bibi harusi hakuegesha kitu. Kibali chenu nitakijibu ofisini."

Sasa ni wiki ya sita. Jibu halijaja, na kila sherehe tunaifanya huku nikichungulia lango. Nimeapa kwamba maneno "dakika tano tu" hayatoki tena kinywani mwangu.

Jana mwenye ukumbi alinipigia simu. Amenunua jenereta kubwa, anauliza kama linaweza kukaa hapo karibu na jiko, kwenye ile sehemu ya njano isiyotumika. Nilimwambia nitampigia. Sijampigia.